Kifo cha Sayyid Hamad bin Thuwaini: Tuhuma Isiyofika Mahakamani

Sayyid Hamad bin Thuwaini, Sultani wa Zanzibar, alifariki ghafla katika kasri lake tarehe 25 Agosti 1896, akiwa na umri wa takriban miaka 40. Kabla ya jua kutua alikuwa amekwishazikwa, na binamu yake, Sayyid Khalid bin Barghash, alikuwa amekwishajitangaza kuwa Sultani. Tangu siku hiyo imesemwa kwamba Hamad alilishwa sumu, na kwamba Khalid ndiye aliyehusika. Tuhuma hiyo imerudiwa katika maandishi mengi, lakini haikupata kuthibitishwa.

Si vigumu kuona ni kwa nini iliaminika. Ukoo wa Busaidi ulikwishajua damu ya ndani. Mwaka 1866, huko Sohar, Oman, Thuwaini bin Said, baba yake Hamad, aliuawa na mwanawe mwenyewe, Salim, ambaye kisha alishika utawala wa Maskati. Aidha, Khalid alikwishajaribu kukitwaa kiti cha Zanzibar mwaka 1893, alipofariki Sayyid Ali bin Said, akazuiwa na Waingereza. Mtu mwenye tamaa iliyokwisha kujulikana hushukiwa upesi, na wahenga walisema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Hata hivyo, methali si ushahidi. Kuzikwa siku ile ile ni desturi ya Waislamu, hivyo hakumtii hatiani mtu yeyote. Wepesi wa Khalid kuingia kasrini nao una maelezo mengine: aliyeshindwa mwaka 1893 alikuwa na kila sababu ya kukaa tayari. Dalili zote mbili zinaafikiana na mauaji, na zinaafikiana vilevile na maradhi.

Hapo ndipo historia inapoachana na riwaya. Msomaji wa Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Mzimu wa Watu wa Kale (1960), anajua kwamba Bwana Msa hatimaye atamfichua muuaji. Mwanahistoria hana ahadi hiyo. Analoweza kufanya ni kuuliza waliokuwa na uwezo wa kuchunguza walifanya nini.

Waingereza walikuwa na uwezo huo. Zanzibar iliwekwa chini ya himaya yao mwaka 1890, na kwa makubaliano ya mwaka huo hakuna aliyeweza kukalia kiti cha usultani pasipo ridhaa yao. Amri waliyompa Khalid ilimtaka ateremshe bendera na kuondoka kasrini kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27 Agosti. Kosa lake lilikuwa kukalia kiti bila ruhusa. Ugomvi haukuwa juu ya sumu. Alipokataa, manowari zilipiga mizinga kwa muda wa dakika 40 hivi. Watu wapatao 500 wa upande wake waliuawa au kujeruhiwa. Kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Siku hiyo hiyo Sayyid Hamoud bin Mohammed alikalishwa kitini.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, kisha akapelekwa Dar es Salaam kwa meli ya Kijerumani. Mwaka 1916, katika Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walimkamata. Walimpeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena, na baadaye wakamruhusu kuishi Mombasa, alikofariki mwaka 1927. Katika miaka yote hiyo aliyokuwa mikononi mwao, hakushtakiwa kwa kumuua Hamad.

Ukimya huo haumtakasi Khalid, lakini unaonyesha uzito halisi wa tuhuma yenyewe. Kisa cha sumu huyafanya matukio ya mwaka 1896 yaonekane kuwa fitina ya ndugu kwa ndugu, ambayo wageni walilazimika kuingia kati kuisuluhisha. Kweli ni kwamba uamuzi wa nani awe Sultani ulikwishatoka mikononi mwa ukoo miaka sita kabla. Lau Hamad angekuwa amefariki kwa homa mbele ya macho ya mji mzima, na Khalid akaingia kasrini vile vile bila ruhusa, mizinga ingelilia asubuhi ile ile. Wafu wa tarehe 27 Agosti hawakufa kwa sababu ya kitendawili cha kifo cha Hamad. Walikufa kwa sababu ya makubaliano ambayo wengi wao hawakupata kuyaona.