Fundo, Msokoto na Tata: Historia Fupi ya Msamiati wa Mshipi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya baadhi ya maneno yanayohusu mshipi wa kuvulia samaki, hususan yale ya mafundo na ya kujisokota kwa uzi, kisha kuonyesha funzo linalopatikana humo kwa mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali. Huenda msomaji akaona kuwa jambo hili ni dogo mno. Lakini istilahi ya jambo dogo ikikosewa, hasara yake humwangukia mtu ambaye riziki yake ya siku nzima imening'inia mwishoni mwa uzi mmoja.

Chanzo cha makala ni kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilifasiri kijitabu cha mafunzo ya uvuvi wa mshipi. Humo mlikuwa na maneno mawili ya Kiingereza: moja la uzi uliojizungusha wenyewe kwa wenyewe, na la pili la uzi ulioshikamana ovyo. Yote mawili niliyafasiri kwa kitenzi kimoja, "kutatana". Kabla ya kijitabu kupigwa chapa nilikipeleka Kunduchi, katika Wilaya ya Kinondoni, nikamwamkia mvuvi mmoja wa makamo ya baba yangu, naye akakubali nimsomee. Nilipofika pale palipoandikwa kwamba mshipi ukitatana uburutwe nyuma ya chombo bila ndoana mpaka ukae sawa, alinikatiza.

"Mwanangu," alisema, "tata ukiiburuta inakaza. Unaoburutwa ni mshipi uliojisokota. Wewe umetaja ugonjwa mmoja, ukatoa dawa ya mwingine."

Msokoto na tata

Maneno ya mzee huyo yalikuwa sahihi kabisa. Msokoto ni hali ya uzi kujizungusha katika urefu wake, hata kama haujajifunga popote. Husababishwa na mambo kadhaa: chambo kinachozunguka majini wakati wa kuvutwa, chubwi lisilotulia katika mkondo, au namna uzi ulivyotolewa katika kigurudumu chake. Uzi ukivutwa kutoka ubavuni mwa kigurudumu kilichosimama tuli, kila duara linalotoka huongeza msokoto mmoja. Kigurudumu kikipitishiwa kijiti na kuachwa kizunguke chenyewe, uzi hutoka ulivyo.

Tata, kwa upande wake, ni matokeo. Mshipi wenye msokoto ukilegezwa hujikunja na kufanya pindi. Pindi zikiingiliana, ndipo tata inapozaliwa. Kwa hiyo dawa zake zinapingana. Msokoto huondolewa kwa kuuvuta uzi ukiwa na ncha iliyo huru, ili ujizungushe kinyume na kurudi katika hali yake. Tata huondolewa kwa kulegeza, pindi moja baada ya nyingine, bila kuvuta. Anayefuata maelekezo ya moja kwa kutibu nyingine hupoteza mshipi.

Yafaa kukumbuka kwamba neno hili tata limesafiri mbali. Kutokana nalo tumepata utata, tatizo na kutatua, maneno ambayo hivi leo hayakosekani katika ripoti yoyote ya ofisi. Sisi tunaoandika kwamba "tatizo linatatuliwa" twatumia lugha ya uzi bila kujua, na aghalabu twasahau onyo lililomo: lililotatana halitatuliwi kwa nguvu.

Nyuzi zilizobadilika, maneno yaliyobaki

Kwa karne nyingi kamba na nyuzi za pwani yetu zilitokana na mimea: makumbi ya nazi, ukindu, pamba na kitani. Nyuzi hizo zilisokotwa kwa mkono, na ukakasi wake ulishika fundo vizuri. Zikilowa huvimba na fundo likazidi kukaza. Mizunguko miwili mitatu ilitosha kuzuia ndoana isitoke.

Mfano wa neno lililofuata matumizi badala ya asili ni katani. Chimbuko lake ni neno la Kiarabu la kitani. Lakini baada ya mkonge kuletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, na mashamba yake kuenea Tanga na kwingineko, jina katani lilihamia kwenye nyuzi za mkonge. Hakuna kamati iliyoagiza hivyo. Watu waliona uzi mpya unafanya kazi ya uzi wa zamani, wakaupa jina.

Mambo yalikuwa tofauti ilipokuja nailoni. Uzi huo ulibuniwa Marekani mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont, na kutangazwa hadharani mwaka 1938. Mwaka 1939 ndipo ilipochapishwa kamusi ya Kiswahili sanifu iliyoandaliwa na Frederick Johnson chini ya Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930. Hivyo msamiati wa mshipi uliosanifiwa wakati ule ulikuwa msamiati wa nyuzi za mimea. Nailoni ilienea katika uvuvi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nayo ikaingia na jina lake. Lakini tabia zake hazikuingia katika kamusi.

Tabia hizo si ndogo. Nailoni ni laini na huteleza, hunyumbuka, tena hukumbuka umbo la kigurudumu ilichozungushiwa. Fundo la kawaida la kupitisha ncha mara moja huweza kupunguza nguvu ya uzi kwa takriban nusu. Ndiyo maana wavuvi huzungusha ncha mara tano au zaidi juu ya uzi kabla ya kuirudisha ndani, na huilowesha kwa maji au mate kabla ya kukaza ili msuguano usiiunguze. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Kwa nailoni twaweza kuongeza kwamba hukatikia pia penye fundo baya.

Fundo moja, kazi nyingi

Kijitabu nilichotaja kilikuwa na majina kadhaa ya mafundo ambayo yote niliyaita "fundo". Hapo pia palikuwa na upungufu. Kiswahili kinatofautisha fundo na tanzi: tanzi hukaza likivutwa. Palipobaki, jina la kazi lilitosha: fundo la kufungia ndoana, fundo la kuungia nyuzi mbili, kitanzi kisichokaza. Majina haya hayana fahari, lakini mvuvi wa Kunduchi na wa Mjimwema, iliyokuwa Temeke kabla ya Kigamboni kuwa wilaya, watayaelewa bila mkalimani.

Kinyume chake, kuna mahali ambapo neno fundo halifai hata kidogo. Kiingereza huita kipimo cha mwendo wa chombo kwa jina hilohilo la fundo, kwa sababu zamani mabaharia walitupa majini kamba yenye mafundo na kuyahesabu yalivyopita mkononi wakati wa kushuka kwa mchanga wa kioo. Kipimo hicho ni maili moja ya baharini kwa saa, na maili hiyo ilikubaliwa kimataifa mwaka 1929 kuwa meta 1,852. Mfasiri anayeandika "upepo wa mafundo 20" amefasiri kamba, hakufasiri mwendo. Taarifa za hali ya hewa zinazotoa kilometa kwa saa zimechagua njia bora, maana mwenye ngalawa anataka kujua kama atoke au asitoke.

Suala la kizungukio

Kifaa kidogo cha chuma kinachowekwa kati ya mshipi na ndoana ili msokoto usipande juu hakina jina moja lililotulia. Kukopa neno la Kiingereza ni njia ya mwisho katika utaratibu wetu, ambao unatutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu na nyingine za Kiafrika. Mimi niliandika kwanza "kizungusho". Lakini umbo hilo lina maana ya kitu kinachozungusha, ilhali kifaa hiki hakizungushi chochote. Huacha upande mmoja uzunguke na mwingine utulie. Kwa hiyo napendekeza kizungukio, yaani kile ambamo mzunguko unafanyikia. Pendekezo hili si hukumu. Likikataliwa ufukweni, litakuwa limekataliwa na wenyewe.

Hitimisho

Tangu Baraza lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, kazi ya istilahi imekuwa ikifanywa zaidi mezani, na meza ina faida zake: sarufi, kamusi na kumbukumbu ziko karibu. Lakini kamusi haikunionyesha kosa langu. Maneno yote mawili yalikuwamo ndani yake, na mimi niliyapitia nikaona yanafanana. Aliyeona tofauti ni yule ambaye kosa lingemgharimu mshipi.

Kijitabu kilisahihishwa. Nilipomrudishia mzee nakala, aliikunja, akaitia mfukoni, akaniuliza kama ofisini kwetu tunayo maneno ya vyombo vya bahari pia. Nilimjibu kuwa tunayo. "Basi nayo yalete," akasema.