Maskini na Elimu ya Sheria

Mtu akisimama mbele ya hakimu, naye hajui sheria wala hana wakili, huwa kama mgeni katika nchi yake mwenyewe. Basi yafaa tuulize: mawakili hutoka wapi, na kwa nini wana wa maskini ni wachache miongoni mwao? Habari za watu weusi wa Marekani zatufundisha mengi katika jambo hili, nasi twapenda kuzieleza kwa ufupi.

Utumwa ulipokomeshwa huko mwaka 1865, watu wapatao milioni 4 walikuwa wametoka katika kifungo hicho. Lakini uhuru usio na mtetezi ni kama nyumba isiyo na komeo. Mwaka 1867 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Howard katika mji wa Washington, na mwezi wa Januari 1869 kikafungua shule ya sheria. Mkuu wake wa kwanza alikuwa John Mercer Langston, mtu mweusi ambaye shule za sheria zilimkataa kwa ajili ya rangi yake, akajifunza kwa hakimu mmoja huko Ohio hata akawa wakili mwaka 1854. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 6 tu. Walifundishwa jioni, siku 3 kwa juma, katika nyumba na ofisi za walimu wao. Kwa njia hiyo mtu aliweza kutafuta riziki mchana na kusoma usiku. Mwaka 1872 akahitimu hapo Charlotte Ray, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa wakili nchini humo.

Hata hivyo, masomo ya jioni yalikuwa na upungufu wake, na shule haikupata sifa mbele ya vyama vya mawakili. Mwaka 1929 uongozi wake ulitiwa mikononi mwa Charles Houston, aliyesoma Harvard. Huyu aliona kwamba wakili wa watu wanaoonewa hana budi kuwa hodari kuliko wapinzani wake. Akaliondoa darasa la jioni, akaweka masomo ya mchana kutwa, na mwaka 1931 shule ikakubaliwa na Chama cha Mawakili cha Marekani. Lakini je, karani au mpishi angeachaje kazi yake ili asome mchana?

Gharama ya mageuzi hayo yaonekana katika maisha ya Thurgood Marshall wa mji wa Baltimore. Baba yake alikuwa mtumishi wa mezani katika gari moshi, na mama yake mwalimu. Shule ya sheria ya Maryland, iliyokuwa mjini kwao, haikupokea watu weusi. Mwaka 1930 akaingia Howard, akisafiri kwa gari moshi maili zipatazo 40 kwenda, na kama hizo kurudi, kwa kuwa hakuwa na fedha za kukaa Washington. Mama yake aliweka rehani pete zake za uchumba na arusi ili karo ilipwe. Mwaka 1933 mwanawe akahitimu, naye ndiye wa kwanza katika darasa lake.

Mwaka 1935 Marshall na mwalimu wake Houston walimtetea Donald Murray, kijana mweusi aliyekataliwa na shule ile ile ya Maryland. Serikali ya jimbo ilikuwa imetenga misaada ya dola 200 ili wanafunzi weusi wakasome kwingine. Lakini nauli na malazi ya ugenini angelipa nani? Mahakama ikaamuru Murray apokewe, na mwaka 1936 mahakama ya rufani ikalithibitisha neno hilo. Marshall akaendelea hata mwaka 1954 akashinda kesi kubwa ya kuondoa ubaguzi mashuleni, na mwaka 1967 akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Tena mwaka 1960 alikwenda London kuwasaidia wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba, akawaandikia rasimu ya haki za raia. Hivyo matunda ya zile pete yalifika hata Afrika Mashariki.

Twajifunza nini? Langston alijali saa za mfanyakazi. Houston alijali ubora wa elimu. Wote wawili walikuwa na haki. Elimu hafifu humdanganya maskini, na elimu bora isiyo na msaada wa karo humwacha nje. Kwa hiyo anayeinua kizingiti yampasa amsaidie asiye na kitu kukivuka. Katika Tanzania na Kenya, mwenye shahada ya sheria hutakiwa kusoma tena shule ya mafunzo ya uwakili, yenye karo yake, kabla hajaruhusiwa kutetea watu mahakamani. Hapo ndipo mwana wa mkulima aweza kukwama, ilhali amebakiza hatua moja. Basi serikali, makanisa na vyama vya ushirika vikumbuke hatua hiyo vinapopanga misaada ya elimu, maana si kila mama aliye na pete ya kuweka rehani.