Talai Walitangazwa Mara Mbili

Nyanya yangu, hapa Sotik, akitaka kutaja Talai huangalia mlango kwanza. Kanisani hakosi Jumapili, lakini jina hilo bado analinong'ona.

Talai ni ukoo wa orkoiik, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis na Wanandi. Koitalel arap Samoei, aliyeuawa na Waingereza mwaka wa 1905, alikuwa wa ukoo huo. Watu waliwaheshimu na kuwaogopa tangu zamani, sikatai. Lakini serikali ya kikoloni iliichukua hofu hiyo ikaipigia tarumbeta. Ikawaita "laibon", neno la Kimaasai, ati wachawi wanaochochea wizi wa ng'ombe na uasi. Mwaka wa 1934 ikatunga sheria ya kuwahamisha. Mamia ya watu, watoto wakiwemo, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria na mbung'o. Hapo ndipo walipotangazwa mara ya kwanza.

Mara ya pili ni juzi tu. Zaidi ya Wakipsigis na Talai 100,000 walipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, na mwaka wa 2021 wataalamu wake wakaiandikia Uingereza. Mwaka wa 2022 kesi ikafika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Oktoba 2023, akiwa Nairobi, Mfalme Charles akaeleza majuto yake kuhusu maovu ya ukoloni. Msamaha hakuomba.

Manze, kelele hizo zimesaidia. Mimi mwenyewe, niliyeacha chuo katikati, nilijua Gwassi kupitia habari za kesi, si darasani.

Ila nilipoenda kumhoji mzee mmoja wa ukoo huo, aliniuliza: "Kijana, utaandika tuliteswa, ama utaandika sisi ni nani?" Nilikuwa nimejiandaa kwa lile la kwanza tu. Mwaka wa 1934 walikuwa wachawi, leo ni wahanga, na mara zote mbili kalamu ilishikwa na mtu mwingine. Mpiga picha akishapata uso wenye makunyanzi na chai ya kijani nyuma yake, anapanda matatu. Mzee anabaki na majirani walewale wanaonong'ona.

Alikataa nimtaje jina, na sijamtaja. Lakini nilimsomea nyanya maneno yake kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza mzee huyo ni mtoto wa nani.