Ziada ya Nani, Upungufu wa Nani

Masanduku ya dawa yaliyoanza kupelekwa katika zahanati za Tanzania Bara mwaka 1984, kwa fedha za DANIDA, shirika la misaada la Denmark, na mkono wa UNICEF, yalikuwa na sifa moja ya kuwafurahisha wahasibu: yalifanana. Zahanati ya Kyela, kwenye joto la Ziwa Nyasa ambako malaria haipumziki, ilipata mgawo wa aina moja na zahanati ya Makete, kule juu kwenye baridi ambako hata mbu angeomba blanketi. Mgawo wa namna hiyo huzaa mambo mawili kwa wakati mmoja: huku dawa imekwisha kabla ya mwezi kwisha, kule makopo yamejipanga rafuni mpaka yanachina. Tusiyadharau masanduku yale. Yalifika, tena yamefungwa, katika miaka ambayo duka la kijiji halikuwa hata na sabuni. Ila hakuna aliyemuuliza mganga wa Makete anataka nini.

Swali hilo, la nani azungumze kwanza kati ya mtoaji na mhitaji, ndilo linalozitenganisha mila za kutoa. Wingi wa huruma hautofautiani sana. Torati, katika kitabu cha Walawi, inamkataza mkulima kuvuna shamba lake hadi pembeni au kurudi kuokota masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni. Wengi huisoma amri hiyo kama fundisho la upole. Kinachonivutia mimi ni utaratibu wake. Mhitaji ndiye anayeingia shambani, anaokota kinachomfaa, kwa kiasi anachoweza kubeba. Mwenye shamba hampelekei mtu gunia asiloliomba.

Mila ya wakfu katika Uislamu inaanzia kwingine kabisa. Haingoji masalio: mali nzima, nyumba au shamba, inafungwa ili faida yake itumike kwa jambo la kheri. Kwa roho inayokaribiana na hiyo, tajiri Tharia Topan alianza mwaka 1887 kujenga jengo la hospitali ya hisani ufukweni mwa Mji Mkongwe, Zanzibar. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakamilika, na baadaye likawa zahanati ya hisani yenye jina la Haji Nasser Nur Mohamed. Hapo mgonjwa hakupewa kilichombakia mtu. Udhaifu wake ni kwamba hisani ya mawe na chokaa haihami: aliyeumwa Micheweni, kaskazini mwa Pemba, hakufaidika na zahanati ile ya Mji Mkongwe, na baada ya Mapinduzi ya 1964 huduma ile ilikoma.

Kisha kuna kontena la msaada kutoka ng'ambo. Mwaka 1991, katika Chuo Kikuu cha Yale, daktari wa usingizi William Rosenblatt alianzisha mpango uitwao REMEDY wa kukusanya vifaa vya chumba cha upasuaji vilivyofunguliwa lakini havikutumika. Kanuni za hospitali za Marekani haziruhusu vitumike kwa mgonjwa mwingine, kwa hiyo glovu, nyuzi na mabomba ya sindano mazima yalikuwa yakienda jalalani. Ni wazo zuri, na wengi wameliiga. Lakini mtoaji akizungumza peke yake, matokeo yanajulikana. Katika vita vya Bosnia, kati ya 1992 na 1996, hadi tani 17,000 za dawa zisizofaa zilipelekwa huko, na gharama ya kuziteketeza ilikadiriwa kuwa dola milioni 34. Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1996 unasomeka kama hati ya mashtaka: dawa ziwe zinahitajika kweli, zibakiwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuchina zinapofika, na maandishi yake yawe katika lugha ambayo wahudumu wa huko wanaielewa. Kwa upande wa mashine, tatizo huanzia ukutani: umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230.

Hata hivyo, si kila kontena ni mzigo. Walutheri wa Iringa na wenzao wa Saint Paul, Minnesota, wana ushirika wa miaka mingi uitwao Bega kwa Bega. Nadhani faida kubwa ya undugu wa aina hiyo ni kumpa mganga ujasiri wa kusema: hiki tunacho, msilete.

Sokoni Soweto, jijini Mbeya, ujasiri huo hauhitaji mkataba. Mama aliyebakiwa na ndizi za Tukuyu jioni anajua ni jirani gani aliyeishiwa. Wanaonana, na deni linakumbukwa. Zahanati mbili za wilaya moja hazionani. Mwaka 2009 mradi wa SMS for Life ulijaribu kuzipa macho: vituo 129 vya Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini vilituma kila wiki, kwa ujumbe wa simu, idadi ya dawa mseto za malaria na kwinini vilizo nazo. Mwanzoni vituo 78 kati ya kila 100 vilikosa angalau aina moja. Baada ya wiki 21 vilibaki 26. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na dawa zilizokuwa tayari zimo wilayani, zikahamishwa kutoka palipozidi.

Leo eLMIS, mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia dawa, inaonyesha mengi zaidi, na Bohari ya Dawa ya serikali ina kanda Mbeya na Iringa. Mfumo wa mshitiri, Jazia, ulioanza Dodoma mwaka 2014 na kuenea nchini mwaka 2018, unamruhusu mganga mfawidhi kununua kwa msambazaji binafsi kile ambacho Bohari imekosa. Ni hatua kubwa, ingawa inaziba pengo kwa kununua kipya huku rafu ya jirani ikibaki vilevile. Tena dawa ya rafu hiyo imelipiwa na akaunti ya kituo chake; kuitoa bure ni kupunguza fungu la wagonjwa wako mwenyewe, na mkaguzi atauliza. Ndiyo maana mfamasia wa wilaya anayeona kwenye kompyuta kwamba kituo kimoja kimejaa na kingine hakina kitu bado anahitaji hati ya makabidhiano, saini za wafawidhi wote wawili, na dizeli ya gari ambalo asubuhi hiyo limekwenda kwenye chanjo.