Grafiti, chata na mchoro wa ukutani

Mtu akiulizwa grafiti ni nini, jibu la haraka huwa "michoro ya ukutani". Mtaani jibu hilo linatosha. Linakwama likifika mlangoni mwa jumba la sanaa.

Desemba 1983 Sidney Janis, mfanyabiashara wa sanaa wa New York aliyezoea kuuza kazi za kina Mondrian, alitundika kazi za vijana kama Crash na Daze, waliojifunzia uchoraji kwenye mabehewa ya treni za chini ya ardhi. Safari hii walialikwa, na rangi ilikuwa juu ya kanvasi. Maonyesho yakapewa jina lenye maana ya "baada ya grafiti", kana kwamba mwenye duka naye alijua bidhaa imebadilika.

Februari 2013 mambo yakawa kinyume. Huko Wood Green, London, kipande cha ukuta wa duka chenye mchoro wa msanii wa mtaani Banksy, mtoto akishona bendera za Uingereza kwa cherehani, kilikatwa, kikaibukia kwenye orodha ya mnada Miami. Wakazi walipopiga kelele kikaondolewa mnadani, lakini mwaka haukuisha kabla hakijauzwa London. Hapo ukuta upo, mtaa ndio haupo.

Basi ukuta si kipimo. Neno lenyewe linatokana na kitenzi cha Kiitaliano cha kukwaruza, na wanaakiolojia walilitumia kwa maandishi waliyoyakuta kwenye kuta za Pompeii. Kwa maana hiyo ya kale tunazo zetu pia: vyombo vya baharini vilivyokwaruzwa kwenye lipu ya magofu ya Kilwa na Gedi. Maana ya leo ni ya vijana wa mijini Marekani. Mmoja wao, TAKI 183, alikuwa tarishi aliyeandika jina lake na namba ya mtaa wake kila alikopita, hadi New York Times ikamwandika mwaka 1971. Hakuchora picha yoyote. Aliandika jina.

Jina la namna hiyo Kiswahili tayari kinalo neno lake: chata. Kamusini ni alama ya biashara. Vijiweni, kupiga chata ni kuacha alama yako, na kundi moja la wachoraji wa Dar es Salaam likajiita Wachata. Sijaona neno lililotulia kuliko hilo, na halikutoka kwenye kamati.

Ningependa grafiti ibaki kwa kazi inayowekwa mtaani bila kuomba ruhusa. Mchoro wa ukutani uwe ule unaolipiwa na shule, hoteli au kampuni ya simu, hata kama umepulizwa kwa kopo lilelile. Ya kwenye kanvasi iitwe sanaa ya grafiti, maana mtindo umeingia ndani ila kitendo kimebaki nje.

Anayeona huku ni kuhangaika na majina tu amtazame Jean-Michel Basquiat. Mwishoni mwa miaka ya 1970 yeye na Al Diaz walijaza kuta za Manhattan sentensi fupi za kejeli, wakizitia sahihi SAMO. Kanvasi yake ya mwaka 1982 ilinadiwa mwaka 2017 kwa dola milioni 110.5, na bado wapo wanaomwita msanii wa grafiti. Alipiga chata miaka michache, kisha akawa mchoraji. Sanaa ya grafiti ni ya Crash na Daze.