Koplo au Sajini

Kazi yangu hapa Isiolo ni kuandikia watu barua. Mimi najiita mwandishi, lakini makala hayalipi nyumba kila mwezi, kwa hivyo siku nne kwa wiki nakaa kwenye saiba moja karibu na stendi nikichapa maombi ya basari, mauziano ya ploti na malalamiko kwa chifu. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokwama. Kitu kimoja nilichotoka nacho Nairobi ni tabia ya kuingia Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lile jengo la zamani la Bank of India pale Moi Avenue. Nilikuwa naenda kujificha jua na njaa, nikajikuta nasoma mambo ya wilaya yetu enzi za mkoloni.

Mwaka jana akaja mzee mmoja wa Bulla Pesa. Watu humwita Haji, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa na bahasha ndani ya karatasi ya nailoni, na ndani yake vitu viwili. Cha kwanza ni picha: kijana mwembamba amesimama kando ya lori la jeshi, kaptula pana, na kwenye mkono wa shati mistari mitatu. Cha pili ni hati ya kuachishwa jeshi ya mwaka 1946. Kwenye nafasi ya cheo imeandikwa koplo. Koplo ana mistari miwili.

"Andika," akaniambia. "Babangu alikuwa sajini. Hawa walikosea. Warekebishe."

Nikaanza kuchapa. Nilipofika kwenye neno "kosa" nikasimama, maana nilishasoma kidogo jinsi vyeo vilivyokuwa vikitolewa katika jeshi lile.

Vita vya pili vilipoanza, majeshi ya Mwingereza katika Afrika Mashariki yalikuwa madogo. Kufikia mwisho, Kenya peke yake ilikuwa imetoa karibu watu laki moja. Barabara ya kutoka hapa kwenda Marsabit ilikuwa njia ya vita kweli: Julai 1940 Waitaliano waliichukua Moyale, na Februari 1941 jeshi lililopita upande huu likaiteka Mega, ng'ambo ya mpaka. Baadaye maaskari wa Afrika Mashariki wakapelekwa hadi Burma, wakapigana ndani ya matope ya bonde la Kabaw mwaka 1944. Jeshi linapokua kwa haraka namna hiyo, vyeo navyo hugawiwa kwa haraka. Sajini akifa, akiugua au akihamishwa, koplo anapewa mistari na kuambiwa akaimu. Anavaa mitatu, anaamrisha, anapigwa picha. Lakini kwenye daftari cheo chake halisi bado ni koplo, na akiondoka kwenye ile nafasi mistari inaweza kuondoka naye. Kwa hiyo picha inaweza kuwa kweli na hati ikawa kweli.

Nikamweleza Haji. Alinyamaza kidogo halafu akauliza, "Unasema babangu alikuwa mwongo?"

"La hasha, Haji. Nasema alikuwa anakaimu."

"Kukaimu ni nini? Lori halikuwa linakaimu. Risasi hazikuwa zinakaimu."

Sikuwa na jibu. Nikamwomba aniachie siku chache nifikirie barua, akakubali kwa shingo upande.

Katika siku hizo nilichofikiria zaidi ni dari iliyokuwa juu ya hao watu. Katika King's African Rifles, au Keya kama wazee walivyoliita, na vikosi vyote vilivyoambatana nalo, hakuna Mwafrika hata mmoja aliyepewa kamisheni ya uofisa wakati wa vita vile. Gold Coast walimpata Seth Anthony mwaka 1942. Huku kwetu, cha juu kabisa kilikuwa uwaranti. Na hata huyo sajini meja mwenye miaka kumi na tano ya kazi alikuwa chini ya sajini mzungu aliyeshuka melini juzi. Miaka ya 1950 wakafufua cheo kilichoitwa effendi, ofisa ambaye si ofisa kamili, nusu ngazi hivi, cha kuwaridhisha Waafrika. Idi Amin alikipata mwaka 1959. Uhuru ulipokaribia, kikafutwa na waliokuwa nacho wakaanza kufanywa maluteni. Cheo kilikufa lakini neno tunalo bado: ni lile lile la maaskari wa Kisudani waliotangulia kwenye jeshi hilo, na ndilo tunalomwitia polisi barabarani, afande. Kila siku Kenya nzima tunampandisha konstebo cheo bure.

Chini ya dari hiyo, tofauti ya koplo na sajini ilikuwa kubwa kuliko inavyoonekana leo. Malipo ya kuachishwa yalihesabiwa kwa cheo na kwa miezi ya utumishi. Na kwa rangi pia. Februari 2019 Al Jazeera ilitoa hati za Waingereza wenyewe zilizoonyesha kwamba askari mweusi alipangiwa karibu theluthi moja ya alichopangiwa mzungu wa cheo hicho hicho. Kama rangi yako imeshakukata theluthi mbili, basi mstari mmoja wa mkononi ndio kitu pekee kilichobaki cha kubishania.

Haji aliporudi, nilimwambia habari ya hizo hati nikidhani atakasirika. Akacheka. "Hiyo ni mpya kwako," akasema. "Babu yangu aliligombania hilo kabla ya babangu kuvaa kaptula."

Babu yake ndiye aliyefika Isiolo kwanza. Alikuwa Muisaaq kutoka Somaliland ya Waingereza, akapigana vita vya 1914 hadi 1918, na vilipokwisha akaachwa akae huku na ng'ombe wake pamoja na maaskari wenzake. Ndivyo mitaa ya Wasomali ya mji huu ilivyoanza, kama shukrani kwa utumishi. Lakini shukrani ile haikuandikwa vizuri. Sheria ya mwaka 1919 iliwatoa baadhi ya Wasomali kwenye fungu la "wenyeji" kwa mambo fulani tu. Kwa mengine walibaki humo humo. Basi hawakuwa Wahindi, hawakuwa wenyeji, na katika koloni lile fungu lako ndilo lililokwambia utalazwa wodi gani, utakula nini gerezani, utatembea na kipande au bila.

Mwaka 1936 serikali ikapanga upya kodi ya kichwa ya wasio wenyeji. Wahindi walipe shilingi 30, Wasomali 20. Mtu wa kawaida angeshukuru Mungu kwa hiyo kumi. Waisaaq waligoma. Walitaka walipe 30. Walituma maombi na wakili juu ya wakili, hadi London, wakisema babu yao Sheikh Isaaq alitoka Arabuni, kwa hiyo wao ni watu wa Asia, na wamelitumikia jeshi la mfalme, kwa hiyo waandikwe wanavyostahili. Mimi sijui mahali pengine Kenya ambapo watu walipigania kuongezewa kodi. Lakini ukiyaweka hayo mambo karibu na ile picha ya lori, unaona ni ombi lile lile: tuliondoka jeshini na heshima fulani, mbona karatasi inasema nyingine? Fujo hiyo iliendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1940. Hawakupata.

Kusema kweli, kuna kitu ndani ya kesi ile kinachonikera. Walitaka kutoka kwenye ubaguzi kwa kupanda ngazi moja, huku Waborana, Waturkana na Wameru wakiachwa chini. Nilimwambia Haji hivyo. Akasema, "Ukizama unashika kamba iliyo karibu." Tuliachia hapo, ingawa bado sijakubaliana naye.

Kamba yenyewe iligeuka ikawakaba. Uhuru ulipokuja, na vita vya shifta juu yake, mtu ambaye baba zake walikuwa wamejaza majalada wakisema "sisi si wa hapa" alikuwa na kazi ya kueleza. Novemba 1989 serikali ilitangaza kuwahakiki Wasomali wote wa Kenya, na aliyepita akapewa kadi ya rangi ya waridi aitembeze pamoja na kitambulisho. Haji alikuwa na miaka arobaini na kitu, amezaliwa Isiolo, ana watoto Isiolo. Alipofika mbele ya meza aliulizwa baba yake alitoka wapi. Akatoa bahasha. Ile hati ya mwaka 1946, yenye jina la baba, namba ya jeshi na neno koplo, ndiyo iliyomtetea.

"Niliinyosha mezani," akaniambia, "yule kijana akaisoma kwa sauti. 'Koplo.' Nikataka kumwambia hapana, ni sajini. Lakini ningesema karatasi ina kosa, si angesema basi na mengine ni kosa?"

Kwa hiyo akanyamaza, akachukua kadi yake, akaenda nyumbani. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ombi hili limekuja sasa, miaka karibu themanini baada ya baba kuvua kaptula. Pesa hazimo. Baba amekufa, mama amekufa, na hizo shilingi za theluthi zimeshaliwa na wakati. Ni ile siku aliyomkana babake kidogo.

Rekodi za vita hurekebishwa, si ndoto. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa vita vya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote au hawakukumbukwa kabisa, na ikaahidi kuyatafuta majina hayo. Kama wafu wasio na jina wanatafutwa, mwenye jina, namba na picha ana haki ya kuuliza.

Tulichobishana mwisho ni neno. Mimi nilitaka tuandike "alikaimu usajini", kwa sababu karani akifungua daftari akakuta koplo, barua inayosema kuna kosa inakufa hapo hapo, lakini inayosema kulikuwa na kukaimu itamlazimu afungue ukurasa mwingine. Haji alitaka "alikuwa sajini". Tulikaa na hiyo sentensi karibu saa nzima, wateja wawili wakaondoka. Hatimaye tukaandika hivi: kwamba hati ya kuachishwa inamtaja kuwa koplo, kwamba picha iliyoambatanishwa inamwonyesha akiwa kazini na mistari ya sajini, na kwamba familia inaomba rekodi yake iseme cheo alichokifanyia kazi. Haji akaisoma mara tatu. Neno "kukaimu" halimo. Neno "kosa" pia halimo.

Kutoa nakala ya picha kukasumbua. Mashine ya saiba ilitia giza mkono wote wa shati, mistari ikapotea. Tukapunguza wino, uso ukapotea. Nakala ya nne ndiyo iliyotoa vyote viwili, kwa shida. Nilimtoza shilingi mia kwa barua na picha, akanipa mia mbili akakataa chenji.

Aliituma kwa rejista siku hiyo hiyo. Sasa ni mwezi wa tano, na risiti ya posta ameiweka ndani ya ile bahasha. Alhamisi akitoka kliniki hupitia hapa kuniuliza kama kuna jibu kwenye anwani ya saiba, kisha huketi kwenye benchi la nje, tunazungumza mambo mengine.