Lupango na miti yake: bustani za nyuma ya nyumba kule Lubumbashi

Mtu akiingia katika lupango ya zamani kule Katuba ao Ruashi, kitu cha kwanza anachokutana nacho si nyumba, ni kivuli. Mti mkubwa wa avoka, mwembe mmoja, kisha mipapai na mipera, migomba pembeni ya bafu, na chini kabisa muhogo wa matamba, lengalenga, kalembula na chibwabwa inayopanda ukuta. Tulipima lupango moja ya Katuba: mita 15 kwa 25, nyumba ikiwa ndani. Tulihesabu miti 11 ya matunda na aina 9 za mboga. Mama mwenye lupango hakuona ajabu yoyote. "Njo vile bankambo balituachia," alisema.

Neno hilo tunalisikia kila mahali, na wanafunzi wetu wanaliandika katika kazi zao bila kuuliza. Sisi tulitaka kujua ni bankambo gani, na wa mwaka gani. Jibu tulilolipata halikuwafurahisha wazee wote.

Kabla ya mwaka 1910, Wabelgiji walipoanzisha Elisabethville, hapa palikuwa miyombo na vijiji vya Walamba. Kazi yao ya shamba ilikuwa chitemene: kukata matawi, kuyakusanya pahali pamoja, kuyachoma mwisho wa kiangazi, na kupanda katika majivu. Masaka, yaani mtama, ilikuwa chakula kikubwa. Udongo ukichoka, watu walihama. Matunda hayakukosa, maana masuku na mpundu yalitoka porini. Lakini tufikiri kidogo: mtu anayejua kwamba baada ya miaka michache atahama, atapanda mti wa avoka kwa faida ya nani? Mti ulioota kwa mbegu unaweza kungoja miaka mitano na zaidi mbele ya kuzaa.

Na avoka yenyewe ilikuwa bado kufika. Avoka, papai, pera, muhogo, mahindi, kiazi kitamu, vyote asili yake ni Amerika. Mwembe ulitoka Asia, ukapita pwani ya Waswahili, na misafara ya biashara ikautembeza ndani ya bara mpaka Tabora, Ujiji na Kasongo. Mgomba ni wa zamani zaidi katika Afrika, lakini nao ulitoka Asia. Hata chibwabwa, na lengalenga nyingi tunazopanda, zina ndugu zao Amerika. Tukiondoa vyote hivyo katika lupango ya mama yule, kitu cha hapa kabisa kinachobaki ni kichuguu. Tutarudi kwake.

Union Minière iliundwa mwaka 1906, na tanuru lake la shaba hapa Lubumbashi lilianza kazi mwaka 1911. Wafanyakazi wa kwanza walikuja kwa kontra fupi, wengi bila mke, na walikula posho. Karibu na mwaka 1928 kampuni ilibadili njia yake: kontra ya miaka 3, na mwanamuke aje kukaa kampini pamoja na mume wake. Kwa maoni yetu, hapo ndipo lupango ilipozaliwa. Posho ilihesabiwa kwa kilo na kwa vichwa, lakini mboga ya kila siku, ile ya kuteremusha bukari, mara nyingi mama aliitafuta mwenyewe. Tena watu walikwisha kuona kwamba posho inakatika. Bei ya shaba ilipoanguka, kati ya 1930 na 1932, maelfu ya wafanyakazi walirudishwa kwao. Mwaka 1941, vita ikipandisha bei ya vitu, wafanyakazi waligoma, na tarehe 9 Desemba askari waliwapiga risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Mtu aliyepita katika mambo kama hayo hakuhitaji monitere wa kilimo kumwambia apande.

Lakini kupanda nini? Mama mmoja mzee, aliyezaliwa kampini, alitueleza jambo ambalo hatukulisoma katika kitabu chochote: "Mu kampi ulikuwa unapanda kintu ya kula mwaka ileile, juu nyumba ni ya kampuni. Bwana akiacha kazi, munatoka. Sasa muti ya avoka utaibeba namna gani?" Kwa hiyo kampini ilikuwa zaidi mboga za majani, mipapai na migomba. Miti mikubwa ilikuja wakati watu walipopata lupango yao wenyewe, hasa Katuba na Ruashi zilipojengwa miaka ya 1950. Wazee wanasimulia kwamba mbegu nyingi zilitoka kwa Wazungu na kwa misioni: boyi alikula embe nyuma ya jikoni ya bwana wake, akarudi na koko mfukoni. Ni hadisi ya wazee, lakini koko moja haina uzito, na hakuna mtu aliyepekua mfuko kwa ajili yake.

Tuseme sasa namna kitu hiki kinavyofanya kazi, maana watu wengi wanafikiri miti imejiotea ovyo. Hapana. Kwetu mvua inaanza Oktoba ao Novemba na kuisha Aprili, kisha kiangazi kikavu cha miezi mitano. Ndiyo sababu migomba inakaa pahali maji ya bafu na ya vyombo yanapotokea: inakunywa kila siku bila mtu kuchota ndoo. Shimo la takataka likijaa linafunikwa kwa udongo, na mwaka unaofuata mgomba ao mpapai unapandwa juu yake, shimo jingine linachimbwa kando. Baada ya miaka ishirini lupango yote imekwisha kupinduliwa na kulishwa, kipande kwa kipande. Mwembe una kivuli kizito, hakuna mboga inayopenda kukaa chini yake, basi unawekwa kwenye kona, na matawi ya chini yanakatwa. Mipapai haisumbui mtu. Lengalenga inapewa pahali pa jua.

Na kichuguu? Vile vichuguu vikubwa vya kwetu, vingine vinapita mita 5 kwa urefu, vina udongo wa mfinyanzi, na mara nyingi vina chokaa ndani, wakati udongo mwekundu unaovizunguka ni maskini na wenye asidi. Wafyatua matofali wanavipenda, lakini mama wenye bustani wanavipenda zaidi: wanabomoa kidogo kidogo na kumwaga udongo wake kwenye matuta. Hapo maarifa ni ya hapa, si ya kuletwa. (Sisi walimu tuna kosa letu. Tuliwafundisha watoto kufagia lupango mpaka iwe nyeupe na kuchoma majani yote, kana kwamba majani ni uchafu.)

Lupango ilionyesha nguvu yake miaka ya 1990. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uporaji ukafuata mwaka 1991, na Gécamines ikakaa miezi mingi bila kulipa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa "wa kujitolea", neno ambalo wengi wao walilicheka kwa uchungu. Maembe yanaiva Novemba mpaka Januari, mahindi mapya yakiwa bado shambani. Watoto wengi wa wakati ule embe ilikuwa chakula chao cha mchana, na tuliwaona darasani na midomo ya njano.

Kuna jambo ambalo hatuwezi kuficha. Upepo wa kwetu unatoka zaidi kusini-mashariki, na kwa miaka mingi moshi wa tanuru uliangukia mitaa iliyo upande wa kaskazini-magharibi. Shaba, kobalti, risasi na kadmiamu vilibaki katika udongo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na matanuru ya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo wao. Mboga za majani zinakusanya madini kuliko matunda, na vumbi linashika juu yake. Basi katika mitaa ile lengalenga ioshwe kwa maji mengi, ao ipandwe kwenye udongo ulioletwa kutoka mbali, na nafasi kubwa ipewe miti ya matunda. Wazee waliopanda hawakuambiwa kitu na mtu yeyote.

Siku hizi lupango inakatwa vipande. Mtoto wa kwanza anajenga vyumba vya kupangisha, wa pili anauza sehemu yake, na mti unaishia katika makala. Mwezi wa tatu uliopita tulirudi kule Katuba kwa mama yule. Pahali pa mwembe pana vyumba viwili vya mabati. Mti wa avoka bado upo, na mama amekataa uguswe akiwa hai. Alitupatia mbegu tatu, zimefungwa katika karatasi ya daftari. Mbili zimeota.